Njia ya Tano Haifungwi

Palikuwa na nchi, nayo bado ipo, ila msiniulize iko wapi maana mimi nina watoto wa kulea. Katika nchi hiyo mambo yote yalikuwa mazuri. Hayo si maneno yangu wala ya watu wa kijiweni. Yalichapishwa katika Gazeti la Serikali, na kila mwaka yalichapishwa upya yasije yakafifia. Barabara zilikuwa nzuri, njaa ilikuwa nzuri, hata misiba yao ilikuwa na utaratibu kuliko harusi za kwenu.

Sasa nchi iliyokamilika hivyo inakosa nini? Inakosa mahali pa kutembelea. Ndipo ikaanzishwa Hifadhi ya Mkoa ya Vilima vya Shukrani, yenye njia saba za kutembea kwa miguu, kila njia imetiwa alama za rangi kwenye mawe na magogo ili mwananchi asipotee. Basi la umma, namba tisa, lilimchukua mtu mjini saa mbili asubuhi, likamshusha langoni, likamrudisha saa kumi na moja jioni. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alikuja mwenyewe kuzizindua. Alikata tepe saba kwa mkasi wa fedha, na kila utepe akautolea hotuba. Kwenye utepe wa tano alisema, "Nchi nyingine zina njia. Sisi tuna mwelekeo!" Watu wakapiga makofi kwa dakika kumi na mbili, kama ratiba ilivyoelekeza.

Aliyepaka alama zote hizo alikuwa mwanamke mmoja, Sikudhani binti Kitwana, mtunza njia. Vifaa vyake vilikuwa panga, kamba, brashi na ndoo ya rangi. Mumewe, Kibwana, ndiye aliyeendesha basi namba tisa. Asubuhi mume alileta watu, mke akawapokea. Jioni mke aliwaaga, mume akawarudisha mjini, kisha naye akarudi kwa baiskeli hadi nyumbani kwao, mwendo wa saa moja kutoka langoni. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na kuku wanane na mazoea ya kungojana chakula.

Halafu masika yakaja, na masika ya mwaka ule hayakusoma Gazeti la Serikali. Yalinyesha siku kumi na tisa. Siku ya ishirini Sikudhani alikwenda kukagua Njia ya Tano, ile ya alama nyekundu inayopita ukingoni mwa Korongo la Mwewe. Akafika kwenye jabali, akalizunguka, na kama asingekuwa ameshika mzizi, hadithi yangu ingeishia hapa. Nyuma ya jabali hapakuwa na kitu. Hatua sitini za njia zilikuwa zimeondoka na mlima wake, na chini kabisa yalionekana mawe.

"Lahaula!" alisema. Kisha akakata miti ya miiba, akaiburuta kuziba njia, akaenda ofisini mbio.

Mkurugenzi wa hifadhi, Bwana Mkomaindo, alikuwa na simu tatu mezani na moja kati ya hizo ilikuwa inafanya kazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na ukimpata wa hivyo huna haja ya mbaya.

"Shikamoo Mkurugenzi."

"Marahaba, Bi Sikudhani. Njia zinaendeleaje?"

"Sita zinaendelea. Ya tano imeanguka korongoni. Naomba ruhusa niifunge."

Mkomaindo akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nani aliifungua?"

"Mheshimiwa Mlezi, kwa mkasi wa fedha. Nilikuwepo."

"Vizuri. Kanuni ya Nne inasema kilichofunguliwa kwa mkasi wa taifa kitafungwa na mkono uleule ulioshika mkasi."

"Lakini Bwana Mkurugenzi, Mheshimiwa Mlezi amefariki. Mwaka wa tatu huu."

"Ndiyo maana haifungwi."

"Basi niweke kibao. Niandike hatari."

Mkurugenzi aliinuka akafunga dirisha. "Mama, utanifukuzisha kazi. Neno hilo liliondolewa katika matumizi ya umma tangu Mwaka wa Matumaini. Vibao vilivyoidhinishwa viko stoo." Navyo kweli vilikuwepo, vimepangwa mpaka darini, vyote vimeandikwa FURAHIA MANDHARI. "Chukua kimoja. La, chukua vitatu, mtu asije akapita bila kukiona. Na ile miiba uitoe leo hii. Kuzuia kilichozinduliwa ni uhaini mdogo, miaka mitano."

"Watu watakufa, Bwana Mkurugenzi. Njia haipo!"

"Kilichoanguka ni ardhi," alisema Mkomaindo kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Njia si ardhi. Ardhi ipo kila mahali, mbona hatuiiti njia? Njia ni rangi. Ramani inafuata rangi. Sasa niambie, rangi ipo haipo?"

"Ipo. Mpaka kwenye jabali."

"Basi njia ipo. Nenda mama, kazi njema."

Akaitoa miiba. Angefanyaje? Tangu siku hiyo kila alipopata nafasi alisimama penye njia panda akiwanong'oneza wageni: "Ndugu yangu, nenda ya pili, ina maua. Ya tano achana nayo." Wengi walimsikia. Lakini binadamu mwambie asipite huku, atataka kujua umeficha nini. Na njia zilikuwa saba, na Sikudhani alikuwa mmoja.

Jumamosi ya kwanza Kibwana aliwashusha watu arobaini na mmoja. Jioni wakapanda arobaini. Akazima gari asubiri. Akatokea Lihawa, Mkaguzi wa Ratiba, kijana aliyenyooka kama pasi ya sare yake, filimbi shingoni.

"Dereva, saa kumi na moja kamili."

"Kuna mtu hajarudi, Mkaguzi."

"Umejuaje? Nionyeshe kwenye fomu."

Fomu Namba Kumi na Mbili ilikuwa na kisanduku kimoja, nacho kilisema Waliofika. Kibwana akaigeuza nyuma, akaona patupu. "Waliorudi wanaandikwa wapi?"

"Kwani tuandike watu walioikimbia hifadhi? Hiyo ni takwimu ya aibu." Akapuliza filimbi, basi likaondoka.

Habari za yule mmoja zilipanda ngazi, ofisi hadi ofisi, na kila ofisi ikaziboresha kidogo. Zilipofika wizarani zilikuwa zinasema kwamba mwananchi mmoja ameipenda hifadhi mno, amekataa kurudi kwake. Wizara ilifurahi, usiseme! Redioni walisema kwamba katika hifadhi za nchi jirani kila mtu hurudi nyumbani, maskini, maana hakuna cha kumshika. Ukaletwa ubao mkubwa wa mninga ukasimikwa langoni: WAPENZI WA HIFADHI. Kazi ya kuandika majina akapewa mwenye brashi.

Masika yalipokwisha, Sikudhani alikuwa ameshaandika majina kumi na moja. Familia zilipewa cheti. Siku moja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuja na cheti chake mpaka mbele ya ubao, akatafuta jina la mumewe, akaligusa. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikamshika kidoleni.

"Dada," aliuliza, "ni kweli? Ameniacha kwa ajili ya vilima?"

Sikudhani alitaka kusema. Lihawa alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, filimbi mdomoni. Yule mama akangoja, akangoja, kisha akaondoka akifuta kidole kwenye kanga.

Jioni ile ugali ulipoa mbele ya Kibwana.

"Kula basi, mume wangu."

"Leo nimemwacha mwingine, Siku. Na huyu nilimsikia. Alikuwa anaita. Lihawa akapuliza filimbi juu ya ile sauti."

"Nawe ukafanyaje?"

Kibwana aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine kaazimwa. "Nikaingiza gia."

Akalia. Mtu mzima, mwenye mvi, alilia na tonge mkononi, na mkewe akamsogezea maji.

Kulikuwa na abiria mmoja wa kila Jumamosi, Mwalimu Chiduo, mstaafu mwenye kisukari aliyeamriwa na daktari atembee. Huyu ndiye aliyemfundisha Kibwana kusoma enzi hizo shuleni. Alikaa kiti cha mbele siku zote, na aliposhuka aliiacha chupa yake ya chai juu ya kiti. "Nitunzie, Kibwana. Ikiwa hapa, najua lazima nirudi."

Jumamosi iliyofuata saa kumi na moja ilifika, chupa iko kitini, Mwalimu hayupo.

Lihawa akapuliza filimbi.

Kibwana akaichukua chupa, akashuka.

"Dereva! Ratiba!"

"Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kuisoma hiyo ratiba yenu," alisema Kibwana, akashika Njia ya Tano, basi akaliacha linanguruma.

Lihawa akaliendesha mwenyewe hadi mjini kwa gia ya pili, abiria wamekaa kimya kama mizigo. Lilichelewa dakika nne, na kesho yake Mkaguzi alijiandikia barua ya onyo. Sikudhani saa ile alikuwa Njia ya Saba, kilima cha pili. Aliliona basi linateremka kwa mbali, akalipungia mkono kama kawaida yake, akafurahi kwamba leo mumewe atawahi kurudi.

Alipika ugali wa watu wawili. Hakuja mtu.

Kulipopambazuka aliifunga kamba kwenye mti uliokuwa juu ya jabali akateremka korongoni. Aliwakuta pamoja. Mwalimu mguu ulikuwa umevunjika, umefungwa vizuri kwa mkanda wa sare ya dereva. Kibwana, aliyeteleza akimfuata, mbavu zilikuwa zimeingia ndani. Alikuwa amemfunika Mwalimu kwa koti lake. Kati yao ilisimama ile chupa, nzima, haina hata ufa, na kikombe chake kilikuwa kimetumika. Hawakufa papo hapo. Wamekunywa chai pale, wamepokezana kikombe, wakisubiri mtu awafuate, nao ulimwengu mzima ulikuwa kwenye ratiba.

Sikudhani alipiga ukelele mpaka ndege wakaruka. Aliomba awatoe wakazikwe kwao, ofisi ikakataa: aliyependa kubaki haondolewi. Akawafunika kwa mawe, mmojammoja, mpaka kucha zikatoka damu.

Bwana Mkomaindo alimpokea kwa kumpa mkono. "Hongera sana, Bi Sikudhani! Mtumishi wa kwanza kuipenda hifadhi kiasi hiki. Wizara imetoa rangi ya dhahabu kwa jina lake."

"Nipe siku tatu za msiba."

"Msiba hakuna, mama, kwa kuwa hakuna aliyekufa. Ila ipo nusu siku ya kujivunia."

"Jina lake siandiki," alisema Sikudhani. "Kibwana hakupenda kubaki. Alipenda kurudi. Kwangu."

Mkurugenzi akasema wataliongea baadaye. Sikudhani akaichukua ile nusu siku yake.

Akaitumia vizuri. Alizikwangua alama zote nyekundu kuelekea jabali, kisha akapaka mpya. Kutoka njia panda Njia ya Tano sasa ilikata kushoto, ikapita nyuma ya vyoo, ikaingia mlango wa mbele wa ofisi ya Mkurugenzi, ikazunguka meza, ikatokea mlango wa nyuma, ikaishia kituo cha basi. Si njia ni rangi? Haya.

Jumamosi watembeaji thelathini walipita ofisini kwa Bwana Mkomaindo, mmojammoja, wakimwamkia. Bibi mmoja alisimama mezani akauliza mandhari yako wapi. Mkurugenzi alifura kwa hasira, lakini angeizuia vipi? Kuzuia njia ni uhaini mdogo. Akasogeza kiti wapite. Jioni basi likarudi na wote. Jumamosi ya pili, wote. Ya tatu, wote, hata ulevi wa mtu mmoja ulirudi naye.

Wizarani kengele zikalia. Wiki tatu bila mpenzi hata mmoja! Wananchi wameichoka hifadhi? Nani amewachosha? Ikaundwa Kamati ya watu sita, nayo ikaja kwa basi namba tisa ili kuthibitisha kwamba hifadhi inafikika kwa usafiri wa umma. Ilikaa saa mbili, ikala mara mbili, ikatoa hukumu: Sikudhani binti Kitwana ameteka njia ya taifa, miaka kumi. Adhabu itaanza akishairudisha njia mahali pake, kwa kuwa hakuna mwingine anayeijua kwa kichwa.

Akapaka. Askari wawili walimsimamia, naye akapaka jiwe kwa jiwe mpaka kwenye jabali. Aliporudi, Mwenyekiti wa Kamati, bwana mnene mwenye hotuba mfukoni, akatangaza kwamba Kamati pamoja na Mkurugenzi wataikagua njia kwa miguu, papo hapo.

Hapa naomba mnielewe. Sikudhani alikuwa na uchungu wa kutosha kunyamaza, na kama angenyamaza mimi nisingemlaumu. Lakini hakunyamaza.

"Waheshimiwa, msiende. Kuna hat—"

Lihawa akapuliza filimbi.

"Ardhi imekatika, nawaambieni! Mume wangu yuko chini pale!"

"Ardhi haihusiki," alisema Mwenyekiti. "Mkurugenzi ameshatueleza."

Akasimama katikati ya njia, mikono ameipanua. Askari wakambeba wakamweka pembeni, na Mwenyekiti akamwongezea miaka mitano bila kupunguza mwendo. "Swali moja, mama. Rangi imefika mwisho?"

"Imefika."

"Basi waambie wageni maneno yanayotakiwa."

Aliwatazama wote saba. Bwana Mkomaindo alikuwa wa mwisho kwenye mstari, na macho yake hayakutulia. Kwa mara ya kwanza alikuwa anaitazama ardhi.

"Furahieni mandhari," alisema Sikudhani.

Wakaenda kwa vyeo, mkubwa mbele, kila mmoja macho yake mgongoni mwa aliyemtangulia, maana kwa itifaki ya nchi ile mdogo haoni kabla ya mkubwa wake, wala hasimami ikiwa mkubwa hajasimama. Hotuba ya Mwenyekiti ilisikika ikizunguka jabali, ikakatika katikati ya neno maendeleo. Hakuna aliyesimama.

Halafu, kutoka chini, sauti moja ikaanza kuita.

"Saa kumi na moja kamili," alisema Lihawa. Askari walitazamana, wakapanda basi, maana zamu yao ilikuwa inaishia saa hiyohiyo. Likaondoka kwa wakati.

Sikudhani alibaki ameketi kwenye ndoo yake, anaisikiliza ile sauti. Aliitambua. Akahesabu mpaka mia. Akasema kwa nguvu, "Mungu wangu, mbona unanitaka makubwa?" Kisha akachukua kamba na ile chupa ya Mwalimu Chiduo, ambayo siku hizi aliibebea chai yake, akateremka.

Sita walikuwa wameshapoa. Mkomaindo alikuwa ameangukia kichaka, mguu mmoja umevunjika, hatua chache kutoka kwenye mawe yaliyomfunika Kibwana. Alimpa chai. Alimfunga viunzi vya mguu, akampandisha kidogokidogo, anavuta, anapumzika, anamtukana, anavuta.

Wiki ya pili yake Mkomaindo alijikongoja kwa magongo hadi ofisini kwake. Kwenye kiti alikuwa ameketi Mkurugenzi mpya, Lihawa.

"Mimi nimerudi!" alisema Mkomaindo.

"Wapi pameandikwa?" aliuliza Lihawa. "Jina lako lipo ubaoni, Bwana. La saba kwenye mstari wa mwisho, nimeliandika kwa mkono wangu. Aliyependa kubaki harudi. Kanuni hiyo uliitunga wewe." Wala hakuwa anamkejeli. Alikuwa anasikitika, kwa kiasi kinachoruhusiwa. Hata kifungo cha Sikudhani kilikwama, kwa sababu hukumu ilihitaji saini ya Mwenyekiti, na Mwenyekiti naye alikuwa ubaoni.

Mkomaindo alitoka nje akilia. Mkewe mjini alikuwa na cheti, hakumfungulia mlango. Alirudi akamkuta Sikudhani anasafisha brashi.

"Bi Sikudhani, mwambie hata mtu mmoja kwamba mimi nipo."

Sikudhani hakuinua uso. "Hupo. Na asiyekuwepo hashtakiwi, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Hata akikaa katikati ya njia, hajazuia kitu."

Mkomaindo alimwelewa. Alikataa siku mbili. Ya tatu njaa ilimfikisha kwenye jabali.

Mpaka leo yuko pale, mbele ya jabali, chini ya vibao vitatu, magongo ameyalaza njiani. Kila asubuhi Sikudhani humpelekea ugali na chai kwenye ile chupa, huiweka chini bila kumtazama, huondoka. Hajamsamehe, na hajakosa kumpelekea hata siku moja. Mtu akitokea kwenye kona, Mkomaindo hupaza sauti kwa neno lile lililofutwa, "Hatari! Hatari!" mpaka koo linakauka, na mtu hugeuka akakimbia. Kwa fomu hana sauti, kwa hiyo hakuna wa kumpulizia filimbi. Ubao haujaongezwa jina, na mahali pa Kibwana pako wazi, mbao tupu.

Njia ya Tano haijafungwa. Ukifika mjini, basi namba tisa linaondoka saa mbili. Ila nasikia yule bwana siku hizi anakohoa damu, na Sikudhani magoti yanamsumbua, na mawingu yameanza kukusanyika upande wa vilima. Akifa, atakaa nani pale? Mimi nimeshasema, nina watoto.